Mashine ya Kijani ya Lidcombe

Jamani, mimi mnada wa kwenye simu naupenda! Wajukuu wangu wakiona nimevaa miwani na simu nimeishika kwa mikono miwili, wanajua bibi ameshaingia sokoni, wasiniulize habari ya chakula. Kusoma sikusoma sana. Niliishia kuandika jina langu na kujua namba. Lakini mnada wenyewe ni picha na namba tu. Unaona kitu, unaona bei, unaona saa inarudi nyuma. Ukikitaka unabonyeza, bei inapanda. Mwingine akibonyeza, inapanda tena. Mwenzako humwoni, anaandikwa namba kama mfungwa. Saa ikiisha, aliyebonyeza mwisho ndiye mwenye kitu.

Nanunua vyombo vya useremala. Usicheke. Hapa Sydney kila siku kuna karakana inafungwa, kuna mzee amefariki na watoto wake hawajui randa ni nini, basi vyote vinapelekwa mnadani. Watu wanakimbilia mafriji na matelevisheni, mimi naokota nyuma yao. Nimepata misumeno. Nimepata jiriwa ya chuma, nzito, mpaka dereva wa teksi akaniuliza kama nimebeba maiti. Nimepata sanduku zima la patasi kwa bei ya kuku mmoja, na kuku mwenyewe si mkubwa!

Vyote hivyo vya mume wangu. Mzee wangu ni seremala, sisi watu wa Uvira tunasema meniziye. Tulipokimbilia Tanzania, kule kambini Kigoma, ukikaa kwenye kiti kizuri ujue ni cha mkono wake. Alijiundia mwenyewe mashine ya kukereza kwa gurudumu la baiskeli. Unakanyaga kwa mguu, mti unazunguka, unaugusa na patasi, unatoka mviringo laini kama shingo ya chupa. Miguu ya stuli, michi ya kutwangia, vyote alikereza pale, na watoto wa watu wamejaa mlangoni wanagombania maranda ya kuchezea.

Tulipopata ndege ya kuja Australia, mashine ilibaki. Hapa akafunga maboksi kwenye ghala mpaka mgongo ukakataa. Halafu akakaa. Nyumba yetu ya mtaa wa Guildford ina kochi linaloangalia barabara, akakaa pale asubuhi mpaka jioni, mikono imelala juu ya magoti kama mizigo ya mtu mwingine, kaambiwa ailinde. Ukimsemesha anajibu. Usipomsemesha, siku inakwisha hivyo hivyo. Mimi nilikuwa naogopa. Nilimwona anakufa huku amekaa.

Zile patasi nilizomletea alizinoa, akazipaka mafuta, akazirudisha sandukuni. Nikamuuliza, "Mzee, mbona hutengenezi kitu?"

Akasema, "Mama, nikipata ya kukereza, nitasimama."

 Lile neno lilinikaa.

Sasa nikwambie habari ya rafiki yangu. Nitamwita mama wa Toongabbie, maana ndiko anakokaa, na jina lake namwachia mwenyewe. Kambini tulikuwa ukuta kwa ukuta. Mtoto wake wa mwisho nilimpokea mimi kwa mikono hii, mvua inapiga turubai, taa imezimika, na yeye ananitukana kwa uchungu na mimi namjibu kwa matusi yangu. Tukacheka baadaye mpaka tukalia. Yeye ndiye aliyenifundisha mnada. Alinikalisha kwenye kochi, simu katikati yetu.

"Dada, ukiona unachokipenda usibonyeze mapema. Nyamaza kama paka. Saa ikikaribia kwisha ndiyo uruke."

"Na nikirukia kitu kibovu?"

"Basi utakula kibovu! Tazama picha vizuri, acha mdomo."

Ndivyo tulivyokuwa.

Na kuna jambo la mawe. Kambini foleni ya maji ilikuwa ya mawe. Huwezi kusimama pale na mtoto mgongoni huku maharage yanaungua. Unaweka jiwe lako kwenye mstari, unaondoka. Maji yakianza kutoka unarudi, unakuta jiwe lako liko palepale, hata kama wa nyuma yako koo limekauka. Ukisogeza jiwe la mwenzako, umejiondoa mwenyewe katika watu. Hata watoto wako hakuna wa kucheza nao. Mama wa kambi ile tulioletwa Sydney tuna grupu letu la simu, na mawe tumekuja nayo. Wazungu wakitoa meza nzuri barabarani, wa kwanza kuiona anatuma sauti, "Jamani nimeweka jiwe," na hakuna wa kuigusa mpaka apate gari. Tumeishi hivyo miaka yote, hatujagombana.

Basi siku moja naperuzi mnada wangu, hiyo! Mashine ya kukereza. Shule moja ilikuwa inafunga karakana yake, na vitu vyake vimewekwa kwenye ghala huko Lidcombe. Ya umeme, rangi ya kijani, na mguu mmoja umemwagikiwa rangi ya bluu, utoto wa wanafunzi. Bei ilikuwa bado chini kabisa, watu wanaona chuma cha zamani tu. Nikampelekea mzee simu. Aliishika picha ile, akaikuza kwa vidole, akaangalia huku, akaangalia kule. Akasema, "Hii imetunzwa." Kisha akanirudishia simu, akajifanya anaangalia barabara.

Nikaingia kwenye grupu, nikatuma sauti. "Mama zangu, kuna mashine ya kukereza Lidcombe, ya kijani. Hiyo ni ya mzee wangu. Nimeweka jiwe." Wakajibu wote, huyu amina, huyu makofi. Mama wa Toongabbie alinitumia sauti yake mimi peke yangu, "Dada, jiwe lako limekaa. Na mimi nitakuombea."

Sasa nikifikiria nasema, wewe mwanamke, nani alikutuma kutangaza? Mnada hauna foleni. Ungekaa kimya, nani angejua kuna mashine? Lakini sisi tumezoea hivyo. Kwetu ukitangaza ndiyo umelinda.

Siku ya mnada kufungwa, asubuhi, nilikaa mezani jikoni. Nikanyamaza kama paka. Saa ikakaribia, nikaruka. Bei yangu ikasimama. Nikasema ee Mungu asante. Mara namba ya mtu mwingine ikanipanda. Nikabonyeza. Ikanipanda. Na kila ukibonyeza mwishoni saa inaongezwa kidogo, kwa hiyo hakuna pumzi. Wengine wote walishatoka, tumebaki mimi na ile namba, kama watu wawili wanaovutana nguo.  Mzee yuko sebuleni, haji kuangalia, lakini televisheni kaizima.

Nikampigia rafiki yangu. Nimpigie nani mwingine?

"Dada, kuna mtu ananipanda, hachoki! Nifanye nini?"

 Akasema, kwa upole kabisa, "Dada, acha. Hao ni Wazungu wa viwanda, wana mifuko mirefu. Watakutoa roho. Itakuja nyingine."

"Niache?"

"Acha, dada yangu. Usimwache mzee bila chakula kwa ajili ya chuma."

Nikaacha. Nilitazama saa ikiisha na ile namba juu. Sebuleni mzee akawasha televisheni. Sikumwambia, hakuniuliza.

Zikapita wiki. Halafu mume wa binti wa mama wa Toongabbie, yule mkwe wake anayefanya kazi za usiku ghalani, akampigia mzee wangu. "Papa, nimepata vyombo, nataka kutengeneza stuli za kuuza kwa watu wetu. Sijui kitu. Njoo unifundishe." Na mzee akasimama! Akavaa shati, akachukua sanduku la patasi, akaenda kituoni. Kutoka Guildford mpaka Toongabbie ni treni moja bila kubadilisha. Jioni akarudi ana maranda kwenye nywele, anasema sana, anaonyesha kwa mikono jinsi yule kijana anavyoshika patasi kama kijiko cha uji. Nikacheka mpaka nikashika ukuta. Kila Jumamosi akawa anakwenda.

Mimi nikafanya nini? Nilisimama kanisani wakati wa shukrani. Nikashika maiki. Nikasema mbele ya watu wote, namshukuru Mungu kwa ajili ya mama huyu hapa, nyumba yake imemwinua mume wangu. Nikamwita mbele nikamkumbatia. Na yeye alikuja! Alikuja akakumbatiwa. Nilihisi mgongo wake mgumu kama ubao, nikadhani ni haya.

Jumamosi iliyofuata nikasema leo na mimi nakwenda nione. Mzee akasema, "Utachoka bure, Mama." Nikasema sichoki. Tukafika, mkwe akafungua gereji.

Ya kijani. Mguu mmoja una rangi ya bluu.

 Nilisimama pale, mzee akaiwasha, ikalia vizuri, mti ukazunguka, akaweka patasi na maranda yakaanza kutoka marefu, yanajikunja. Mkono wake ulikuwa ule ule wa Kigoma. Mimi naangalia na roho yangu imekatwa vipande viwili, kimoja kinapiga vigelegele.

Nikaingia jikoni. Mwenzangu alikuwa anamimina chai.

"Kaa, dada."

"Sikai. Ile namba ilikuwa wewe?"

Akaendelea kumimina. Kikombe kikajaa, chai ikamwagika kwenye sahani.

"Kwenye simu hakuna mtu, dada, kuna namba. Ningejuaje kama ni wewe?"

"Nilikupigia! Nilikupigia huku natetemeka, ukaniambia niache! Ulikuwa unaongea na mimi huku unabonyeza?"

Akaweka birika chini. "Huyu mkwe wangu ana watoto wadogo. Kazi ya usiku inammaliza."

"Ungeniambia. Ungesema tu, nisaidie, ondoa jiwe. Ningeondoa."

"Usingeondoa."

"Hujui."

Hapo ndipo akasema. Heri asingesema. "Dada, mimi nilimwona mzee wako kwenye kochi lile. Niliona amekwisha. Nikasema mashine itakaa pale mtaanikia nguo."

Amekwisha. Mtu niliyempokelea mtoto gizani, alikuja nyumbani kwangu, akanywa chai yangu, akamtazama mume wangu na kumhesabu katika wafu. Jiwe ningelisamehe. Mashine ni chuma. Lakini hilo! Sikugusa chai. Nikatoka, nikakaa nje kwenye ngazi mpaka mzee alipomaliza.

Kwenye treni tukakaa upande mmoja. Yeye anasafisha kucha. Tukapita kituo kimoja, tukapita cha pili.

"Ulijua?" nikamuuliza.

Hakujifanya hajui ninachouliza. "Nilijua."

"Tangu lini?"

"Siku ya kwanza. Ile rangi ya bluu."

"Ukaniacha nikasimama kanisani. Nikashika maiki. Nikamkumbatia mtu yule."

"Ningekwambia, ungenikataza kwenda."

"Ningekukataza!"

"Basi, Mama. Ndiyo hiyo."

Nikageukia dirisha. Nilitaka kumpiga na mkoba, na watu wamejaa. Ya rafiki nina mahali pa kuiweka, naweza kutoka kwenye grupu, naweza kukaa benchi jingine kanisani, na yote mawili nimeyafanya. Ya mzee nitaiweka wapi? Analala pembeni yangu. Anakoroma vizuri siku hizi, usingizi wa mtu aliyefanya kazi. Nimelia kwa ajili ya mkoromo ule, nimeuomba kwa Mungu, na sasa nikiusikia nakasirika, halafu nakasirika tena kwa nini nimekasirika.

Nikamwambia tutatafuta nyingine, yako mwenyewe, tuweke gereji yetu. Akasema, "Tafuta." Natafuta. Juzi nimeona moja ndogo, na safari hii hajui mtu, hata yeye. Lakini Jumamosi bado anakwenda kule, na mimi simzuii. Nikimzuia atarudi kukaa, na nikimpoteza, ushindi wangu nitaula na nani?

Ila kwetu mtu haendi nyumbani kwa watu na chakula cha mdomo mmoja. Ni aibu ya mwanamke aliyekipika. Zamani nilikuwa namfungia sufuria nzima, wali, sombe ya majani ya muhogo, samaki, ili wa kule wale wote mpaka watoto. Sasa namfungia bakuli moja dogo lenye kifuniko, na kijiko kimoja.

Mara ya kwanza alilishika, akalipima mkononi, akanitazama.

"Mama, na wao?"

"Wana jiko."

 Akaliweka bakuli kwenye mfuko, juu ya patasi zake, akaenda kituoni, anatembea haraka.