Esanse ya Chini ya Tangi

Watu wa bonde la Ruzizi walimjua Anastase Ndikumana kwa mlio kabla hawajamwona. Alikuwa monitere wa pamba, mtu wa kupita mashambani kuwaonyesha wakulima namna ya kupanda, kupalilia na kuchuma, na kampani ya pamba ilikuwa imempa pikipiki. Kutoka Kiringye hadi Mutarule, kila mwanamke aliyekuwa shambani akisikia ule mlio alinyoosha mgongo na kusema, "Monitere huyo anakuja."

Hakuwa mtu wa maneno mengi. Alizaliwa Kiringye, akabatizwa misheni, akasoma miaka michache, akaoa Bernardine, akazaa naye watoto watatu. Uhuru ulipokuja alicheza ngoma pamoja na wengine, kesho yake akaamka akaenda kazini kama kawaida. Wazungu wa kampani walipoondoka, hakuna aliyekuja kumdai pikipiki. Akabaki nayo, akaendelea kupita mashambani ingawa mshahara ulikuwa unachelewa, kisha ukawa hauji kabisa.

Pikipiki ile aliijua kama mtu anavyomjua mbuzi wake wa maziwa. Njia ikiwa kavu, lita moja ya esanse, yaani petroli, ilimpeleka kilomita kama thelathini. Tope likiwepo, au mtu akiwa amekaa nyuma, haikufika ishirini na tano. Chini ya tangi kulikuwa na robine ndogo ya shaba, koki ya kufungulia esanse. Ukiielekeza chini, injini inakunywa esanse ya kawaida. Ile ikiisha, injini inaanza kukohoa, nawe unainama, unaigeuza robine upande wa pili, na esanse iliyobaki chini kabisa, wanayoiita rezerve, inaanza kushuka. Rezerve ilimtosha kutoka Sange hadi Uvira, mvua ikiwa haijanyesha. Ikinyesha, hakuwa na hakika.

Mwaka wa sitini na nne, mvua za masika zikiwa zimejaa, waasi walianza kushuka kutoka milimani. Habari zilikuja kwanza kama uvumi, halafu zikaja na watu wenyewe, wamebeba magodoro vichwani. Ilisemwa kwamba waasi wanajipaka dawa na risasi haziwaingii. Ilisemwa pia kwamba wanawatafuta watu wa serikali: makarani, walimu, mamonitere. Waliwaita penepene, yaani vibaraka, na aliyeitwa jina hilo mbele ya watu hakurudi nyumbani kwake. Huko Luberizi karani mmoja alikuwa ameitwa hivyo sokoni, mchana kweupe. Anastase alimfahamu. Walikuwa wamegawana sigara wiki ile ile.

Akawapeleka Bernardine na watoto Uvira, kwa binamu yake Jean-Berchmans, mpakiaji mizigo wa bandari ya Kalundu. Barabara ya kuingia Burundi askari wa serikali walikuwa wameifunga, lakini Jean-Berchmans alipata habari ya mashua moja itakayovuka kwenda Bujumbura na mizigo. Nahodha alikubali kuwachukua. Ingeondoka siku ya pili, kabla ya jua kuzama.

"Na mama?" Bernardine akauliza.

Mama yake, Nyandwi, alikuwa amebaki Kiringye. Goti lake lilikuwa limevimba tangu mwaka uliopita na hakuweza kutembea hata kufika kisimani. Mwanzoni alikuwa amekataa kuondoka, akisema waasi hawana kazi na bibi kizee. Sasa majirani wote walikuwa wamekimbia, na hakuna aliyejua kama yuko hai.

Anastase alizunguka Uvira nzima akitafuta esanse. Askari walikuwa wamechukua yote. Akatikisa tangi, akasikiliza, akapiga hesabu kichwani. Kwenda kungekuwa salama. Kurudi, akiwa na mtu nyuma, esanse ya kawaida ingekatika mahali fulani karibu na Mutarule, na kutoka hapo hadi Uvira kungebaki rezerve tu. Hakumwambia Bernardine hesabu hiyo. Alivua viatu vyake vya kazi, akatoa kalamu mfukoni mwa shati, akavaa koti lililochanika, akaondoka asubuhi ya siku ya mashua.

Alimkuta Nyandwi amekaa mlangoni, fimbo mapajani, jirani hakuna hata mmoja. Kuku wa watu walikuwa wanazunguka uwanjani bila mwenyewe.

"Umekuja peke yako, mukwe?"

"Peke yangu, mabukwe."

Shida ikawa namna ya kumpandisha. Kwa desturi yao mkwe hamgusi mama mkwe, hata kukaa naye benchi moja ni aibu, na Nyandwi alikuwa mtu wa kushika desturi. Alitazama kile kiti, akatazama mgongo wa Anastase, akatazama barabara tupu. Kisha akajiinua kwa fimbo, akapanda mwenyewe, akafungua kitambaa chake cha mabegani, akamzungushia Anastase kiunoni, akashika ncha zake mbili kama mtu anayeshika kamba ya ng'ombe. Hivyo mikono yake haikumgusa. Wakaondoka.

Luberizi walipita hakuna mtu. Milango ya maduka ilikuwa wazi na chumvi imemwagika njiani. Anastase aliendesha polepole, gia ya juu, bila kuongeza moto, kwa sababu mwendo wa haraka unakula esanse. Lakini tope lilikuwa jingi. Kila gurudumu lilipozama alilazimika kurudi gia ya kwanza, injini ikinguruma, naye akihisi kama anasikia esanse ikimwagika. Nyuma yake Nyandwi alikuwa anasali rozari kwa sauti ndogo.

Walipokuwa wamepita Mutarule, kwenye kona yenye mianzi, injini ikakohoa.

Mkono wake ulishuka wenyewe kwenye robine kama ulivyozoea. Wakati huohuo akawaona. Shina la mti lilikuwa limelazwa kukata njia, na nyuma yake watu wengi, majani vichwani, mikuki, mapanga, bunduki moja au mbili. Walikuwa wamekwisha kuusikia mlio na wanakuja mbio.

Baadaye watu walimsifu kwamba alitumia akili. Yeye alikataa siku zote. Alisema mkono uliishiwa nguvu. Ulikuwa juu ya robine na haukuweza kuigeuza, kama wakati wa ndoto mtu anapotaka kupiga kelele na sauti haitoki. Injini ikakohoa tena, ikanyamaza, na pikipiki ikasogea yenyewe hadi mbele ya shina la mti.

"Shukeni!"

Akamsaidia Nyandwi kushuka. Bibi kizee wa watu akakaa chini kwenye tope, goti amelinyoosha. Mkubwa wao alikuwa kijana mwenye kipande cha ngozi ya chui kichwani, macho mekundu.

"Weye iko nani?"

"Minye niko mulimaji wa Kiringye."

"Mulimaji na pikipiki?"

"Iko ya kampani. Bazungu balikimbia, minye nikabaki nayo."

"Penepene ndio banapanda pikipiki. Leta mikono."

Anastase akanyoosha mikono. Yule kijana akapapasa viganja, akakuta ngozi ngumu ya kushika usukani miaka yote ile, akaguna. Haikueleweka kama ameridhika.

"Na huyu mama?"

"Iko mama ya bibi yangu. Anagonjwa muguu."

Kijana akageukia pikipiki. Alitaka kuipanda. Wawili wakaishika, mmoja akapiga kiki, mara moja, mara mbili, mara nyingi. Haikuwaka. Wakaitikisa kwa hasira huku na huku, na walipoitikisa hivyo esanse ya chini lazima iliruka kidogo, maana kiki iliyofuata injini ikakohoa mara moja, pu, kisha kimya. Wakigeuza ile robine, Anastase akawaza, wataelewa kwamba amewaficha esanse, na aliyewaficha kitu hawana haja ya kumwuliza swali lingine.

"Iko na nini?"

"Esanse imekwisha."

"Muongo weye. Muiteni yule wa kamyo."

Akaja mtu mzima, kofia ya madereva kichwani, mikono myeusi ya grisi ya zamani. Ilionekana alikuwa dereva wa lori, au msaidizi wa dereva, kabla ya vita hivi. Hakuwa na mkuki, alikuwa na rungu tu. Akachuchumaa kando ya pikipiki, akafungua kifuniko cha tangi, akaingiza jicho. Pikipiki ilikuwa imeegemea upande wa kushoto, na upande huohuo esanse ya chini ilikuwa imekusanyika. Anastase alijua inang'aa mle ndani. Aliinusa hata pale alipokuwa amesimama.

Yule mtu akatazama kwa muda. Kisha mkono wake ukashuka taratibu, ukafika kwenye robine. Kidole chake kikagusa shaba, kikatulia hapo. Akainua macho akamtazama Anastase, kisha akamtazama Nyandwi kwenye tope.

Nyandwi naye alikuwa anamtazama. Hakuomba wala hakulia. Alisema kwa Kirundi, kwa sauti ya mtu anayezungumza na mtoto wa jirani, "Mama yako yuko mzima?"

Mtu wa kofia akafunga kifuniko, akajifuta mikono kwenye suruali.

"Iko kavu," akasema. "Ni chuma tu."

"Basi tuichome," kijana akasema.

"Tutaichoma na nini, na esanse hakuna? Na moshi ukipanda basoda ba serikali kule Uvira batauona."

Kijana akatema mate. Anastase alimsikia mmoja akinoa panga kwenye jiwe, si kwa sababu yoyote, analinoa tu. Mwishowe kijana akamvua Anastase koti, akalivaa mwenyewe, akasema, "Asukume chuma yake. Na bibi yake kizee. Kama anapenda basoda, aende kwa basoda."

Wakampandisha Nyandwi, Anastase akaanza kusukuma. Hakuthubutu kugeuka. Mgongo wote ulikuwa unawasha, akingoja mkuki. Alifika mahali ambapo shina la mti halikuonekana tena, lakini hakuwasha, kwa sababu mlio ungefika kwao kwa urahisi na wangejua. Akasukuma. Tope lilishika magurudumu, miguu yake mitupu iliteleza, kifua kikamwuma hadi akaona giza machoni. Alipotaka kusimama Nyandwi alisema nyuma yake, "Bado, mukwe. Bado ninawasikia." Wakapita kijito, wakapita mashamba ya pamba ambayo yeye mwenyewe alikuwa amewapimia wakulima, palizi imeachwa, majani yamefika kiunoni. Akasukuma hadi Nyandwi aliponyamaza.

Hapo akageuza robine. Akangoja esanse ishuke. Akapiga kiki na injini ikashika, na ule mlio alioupenda maisha yake yote ukamtisha kuliko bunduki.

Kuanzia hapo hofu ikawa nyingine. Alikuwa anasikiliza injini tu. Kila mteremko mdogo alizima, akaiacha iteremke yenyewe, akaiwasha tena chini. Alipita Sange bila kutazama kulia wala kushoto. Alipita Kiliba. Jua lilikuwa limeanza kuegemea milima ya upande wa Uvira, na kichwani mwake aliiona mashua ikifungua kamba. Mikono ya Nyandwi sasa ilikuwa imemshika kiuno chenyewe, kitambaa kimesahaulika, na hakuna hata mmoja wao aliyeona aibu.

Karibu na Kavimvira risasi ikapita juu ya vichwa vyao. Askari wa serikali walikuwa wamesikia pikipiki ikitoka upande wa waasi na hawakungoja kuuliza. Anastase akazima, wakaanguka wote wawili mtaroni. Risasi nyingine ikapiga udongo. Alikuwa amelala juu ya mkono wake, uso kwenye maji machafu, akiwaza kwamba baada ya yote yale atauawa na hawa. Nyandwi ndiye aliyefungua kile kitambaa, akakifunga kwenye fimbo yake na kukiinua juu ya majani. Kilikuwa cheupe zamani. Askari wakapiga kelele waje mikono juu. Wakaja, yeye anamburuta mama mkwe wake, na sajini akawatukana sana kabla ya kuwaacha wapite.

Pikipiki iliwaka tena. Ikawafikisha mjini, ikapita soko, na kwenye njia ya Kalundu, mahali ambapo ziwa linaonekana kati ya nyumba, ikakohoa. Safari hii hapakuwa na robine ya kugeuza. Akailaza kando ya njia, akambeba Nyandwi mgongoni, akakimbia.

Mashua ilikuwa bado. Ilikuwa imejaa, nahodha akigombana na Jean-Berchmans, ambaye alikuwa amekalia kamba ya kufungia na kukataa kuinuka. Bernardine alikuwa ndani na watoto. Alipowaona alifunika mdomo kwa mikono miwili. Wakapandishwa, kamba ikafunguliwa, na wiki chache baadaye, walipokuwa tayari upande wa pili, wakasikia kwamba Uvira nayo imechukuliwa.

Nyandwi alifia Burundi, kitandani, miaka miwili baadaye. Anastase alirudi Kiringye amani ilipopatikana. Kampani haikuwepo tena, pamba ilikuwa imemezwa na pori, naye akalima mihogo na mpunga hadi uzee wake. Mara kadhaa aliulizia, Mutarule na Luberizi, habari za mtu wa kofia ya madereva, lakini hakujua jina lake, na waliokuwa kwenye kile kizuizi wengi walikuwa wamekufa au hawakutaka kukumbushwa. Pikipiki hakununua tena. Zilipoanza kuwa nyingi kwenye barabara ile, vijana wakibeba abiria, watoto wake walimwona akisimama katikati ya shamba kila moja ilipopita, jembe limetulia, sikio limeelekea njiani. Hakuinama tena hadi mlio ulipokwisha kabisa.