Nilivyomkimbiza Mgonjwa Hadi Getini

Mama yangu, kule Iringa, hadi leo hajaelewa nasomea nini. "Udaktari ulishaupata," huniambia kwenye simu, "sasa umerudi shule kusomea kupiga picha? Yule mzee wa studio hapa stendi alijifunza kwa wiki mbili." Nimeshamweleza mpaka nimechoka kwamba mimi sipigi, nasoma zilizopigwa, na kwamba huu ni ubingwa wa radiolojia, si studio. Ananisikiliza kwa utulivu, halafu ananiuliza kama nimekula.

Mwaka wa pili tulipelekwa zamu ya figo, kibofu, kizazi na matiti. Wenzangu waliitamani ya ubongo, eti ndiyo yenye heshima. Mimi hii niliipenda tangu siku ya kwanza. Asubuhi nje ya chumba cha ultrasound unawakuta kina mama walioambiwa wanywe maji lita moja na wasiende haja, wamebana miguu kwenye benchi, wananitazama utadhani mimi ndiye niliyefunga vyoo. Wazee waliokuja kupimwa tezi dume wakiona daktari ni mwanamke, ghafla wanakumbuka kuwa ng'ombe wameachwa bila mchungaji. Nilicheka sana miezi ile. Pia nilianza kujiona najua, na hapo ndipo nilipoharibu.

Jumatatu moja alikuja mama wa miaka hamsini na kitu, kutoka kijiji kimoja upande wa Bahi, titi la kushoto linamuuma. Dada yake alikufa kwa saratani ya titi. Mwenzetu wa mionzi alimpiga picha, akamwambia akasubiri majibu kwenye benchi, kisha akaja kunionya: "Daktari, yule mama kaniambia tukimwita ndani mara ya pili atajua anayo saratani. Dada yake ndivyo alivyoitwa. Anasema tukimwita tu anaondoka, akafie kwake, na hapa harudi tena."

Nikafungua picha. Chembe nyeupe! Ndogondogo, zinang'aa, zimetawanyika chini ya titi na karibu na kwapa. Chembe za namna hiyo zinaweza kuwa saratani iliyo changa kabisa, ile inayotibika. Kusema kweli, na Mungu anisamehe, nilifurahi. Ni mimi niliyeziona! Niliandika ripoti ndefu, nikaipeleka kwa mwalimu wangu, mama mmoja mfupi mwenye sauti ya upole ambayo ikikuchoma huoni kisu.

Aliitazama picha kwa muda. "Hongera," akasema. "Saratani yako ina adabu. Imejipanga kwenye mikunjo ya ngozi tu, ndani haijaingia." Akanigeukia. "Mgonjwa umemwona?"

"Nimeona picha zake."

"Ahaa. Basi nenda kamwone. Mfute kwa kitambaa chenye maji, apigwe tena."

Poda! Jamani, poda! Mama ametoka kijijini alfajiri, anakwenda kuvuliwa nguo mbele ya daktari, ataendaje ananuka jasho la safari na joto hili la Dodoma? Ameoga, amejipaka poda shingoni, kwapani na chini ya matiti, kama anavyofanya kila mwanamke mwenye heshima zake. Kwenye picha poda inang'aa vilevile kama ugonjwa. Mwenzetu alikuwa amemuuliza kuhusu dawa ya kwapa, naye akajibu kweli kwamba hatumii. Poda hakuna aliyeiuliza. Na mimi mwenyewe asubuhi ile, chumbani kwangu Area D, nilikuwa nimejimwagia ya kutosha. Nilitamani ardhi inimeze.

Sasa ikabidi nimwite. Nilipotokeza tu mlangoni na kusema, "Shikamoo mama, naomba uingie tena kidogo," hakuitikia hata marahaba. Alichukua kikapu chake akaondoka. Nikamfuata. Akaongeza mwendo, nami nikaongeza. Tulikatiza uwanja mzima wa hospitali, yeye na kikapu, mimi na koti jeupe linapepea nyuma, mpaka getini, waendesha bodaboda wakishangilia.

"Wewe mtoto kabila gani?" akageuka, anahema kwa hasira.

"Mhehe, mama."

"Mhehe! Ndiyo maana unanifukuza. Umeniona mbwa, unataka kitoweo!"

Lo, nikashukuru Mungu. Mgogo na Mhehe ni watani, sisi hutaniwa kuwa tunakula mbwa, na mtani unamwambia lolote. "Nenda basi, Mgogo wewe," nikamwambia. "Nenda ukafe na ujinga wako. Nitakuja kwenye msiba wako, nitalala mlangoni, na jeneza halitoki mpaka nipewe mbuzi mnono. Na ndugu zako nitawaambia kilichokuua si ugonjwa, ni poda."

"Poda?"

"Poda yako imeingia kwenye picha, mama. Sioni titi, naona poda tu. Njoo nikufute, tupige tena. Ukiwa na kitu nitakwambia hapohapo, sikufichi."

Alinikazia macho. Kisha akaanza kucheka, cheko la kutoka tumboni, mpaka akaweka kikapu chini. "Mbuzi wangu hulambi," akasema, akatangulia kurudi.

Nilimfuta mwenyewe, taratibu, na maji ya uvuguvugu. Alikuwa anaongea bila kupumzika: Jumamosi kamwoza kitinda mimba wake, kacheza mpaka kiatu kikakatika kisigino. Picha za pili zilitoka safi, nikamwongezea na ultrasound, safi. Mwalimu akaja, akazitazama zote, akasema hakuna saratani, maumivu tutampa dawa na arudi kuangaliwa mwakani.

"Sina kitu?" aliniuliza mimi, si mwalimu.

"Huna kitu, mama."

Akaomba ampigie yule bibi harusi, binti yake. Simu yake ilikuwa na sauti kubwa, chumba kizima tulisikia. "Mwanangu!" akapaza sauti, "nipo hospitali, wamenipima, sina kitu! Sina kitu kabisa!"

Upande wa pili binti akauliza polepole, "Mama, kwani ulikuwa unaumwa?"

Mama alishusha simu mapajani akanitazama, na machozi aliyoyazuia siku nzima yakamtoka. "Miezi minne," akaniambia. "Nimekaa nalo peke yangu miezi minne." Nikamshika mkono, nami nalia, na kwenye simu binti alikuwa bado anaita mama, mama.