Wasikilizaji wangu wa Bel-Air

Miaka yote hii naandika juu ya gita la Katanga, na sijapata hata barua moja ya kunipinga. Kwa hiyo wiki hii redio iliponipa jioni mbili za kusoma utafiti wangu, uliorekodiwa mapema, nilishukuru.

Jioni ya pili, nikipita mtaa wa Bel-Air kwa miguu, nikasikia sauti yangu mwenyewe ndani ya ua. Wanawake walikuwa kwenye mikeka, wanaume kwenye viti, wote kimya mbele ya redio moja. Nikavimba kichwa. Mwenye akili angejiuliza kwa nini hakuna anayetabasamu. Mimi nilitafuta kiti, nikawa naitikia kwa kichwa kila nililosema. Sikumbuki lini nilikaa na watu jioni namna ile.

Mwanamume aliyekaa kando yangu akaniuliza kwa upole, “Citoyen, weye ni ndugu ya nani?”

“Ni miye ule anasema mu radio,” nikajibu, wote wasikie.

Akanitazama. “Ah, ni weye. Jana ulisema mpaka saa ya kusoma majina ya bantu balikufa ikapita. Bandugu yetu ba Kolwezi habajajua kama baba alikufa.”