Presha Niliyomficha Mke Wangu

Ijumaa moja wauguzi wawili walikuja shuleni kwetu kuwapima walimu presha. Walipewa meza kwenye chumba cha maktaba, nasi tukapanga foleni huku tukitaniana kama wanafunzi wanaosubiri chanjo. Nilikuwa na miaka arobaini na tisa na sikujua kuumwa. Niliketi, nikakunja mkono wa shati, bado nacheka utani wa mwalimu wa Historia aliyekuwa nyuma yangu.

Muuguzi alipima, akaitazama mashine. Akapima mkono wa pili. Kisha akaniambia nikae pembeni dakika kumi bila kuongea na mtu. Aliporudia mara ya tatu alisogea karibu na kushusha sauti.

"Mwalimu, kichwa hakikuumi?"

"Hapana."

"Macho je?"

"Nasahihisha madaftari mpaka saa sita usiku. Macho yapo."

Hakucheka. "Iko juu sana. Jumatatu usiingie darasani. Anzia hospitali."

Nilianzia hospitali. Nilipewa kadi ya kliniki na vidonge, kimoja kila asubuhi, pamoja na maneno ambayo mimi mwenyewe, mwalimu wa Baiolojia, nimeyaandika ubaoni mara nyingi: chumvi kidogo, mboga nyingi, kutembea, kulala vya kutosha. Niliitikia kwa kichwa kila neno. Nikatoka pale moja kwa moja hadi ofisi ya walimu, nikavitia vidonge kwenye droo ya meza yangu na kuifunga kwa ufunguo.

Nyumbani sikusema. Mimi ni Mnyakyusa wa Tukuyu. Barua ya ajira ndiyo iliyonileta Mtwara, nami nikabaki. Mke wangu ni Mmakua wa Masasi na anauza nafaka sokoni Chikongola. Baba yake alianguka shambani kwa kiharusi, akalala kitandani miaka minne, na mke wangu ndiye aliyekuwa akimlisha kwa kijiko. Kwetu sisi neno presha lilikuwa karibu sana na neno msiba. Nikajiambia kwamba namwepusha na hofu. Nikikumbuka sasa, naona nilikuwa najiepusha mwenyewe. Sikutaka mtu anitazame kama mgonjwa ndani ya nyumba yangu.

Kwa miezi miwili nilimeza kidonge kila nilipofika shuleni. Jumamosi na Jumapili nilivikosa, maana vilikuwa kwenye droo. Nilijisikia vizuri, kama nilivyojisikia siku zote, na hapo ndipo nilipoanza kuuliza: mtu asiyeumwa anameza dawa ya nini? Mwalimu wa Historia, ambaye naye siku ile ya kupimwa aliambiwa maneno kama yangu, alikuwa na chupa ya unga wa magamba ya mti. Aliununua kwa mtu aliyeutembeza kule Kilambo, kwenye kivuko cha kwenda Msumbiji.

"Huu unasafisha damu," aliniambia akinimiminia kwenye karatasi. "Vidonge vyao ukivianza hutoki. Mwili unavizoea."

Nilijua kwamba si kweli. Nasema nilijua, ili msomaji asidhani ni ujinga. Nilitaka iwe kweli, basi. Nikaanza kukoroga unga ule kwenye chai, na vidonge nikaviacha kwenye droo.

Kipindi kile kile chakula cha nyumbani kilianza kubadilika, nami sikujiuliza kwa nini. Tulikuwa watu wa ng'onda, samaki wale wa kupasuliwa na kukaushwa kwa chumvi wanaotoka pwani ya Mnazi Bay. Mke wangu alikuwa akiwachemsha kidogo, akawatia tui, tukala na ugali wa muhogo. Sasa akawa anawaloweka tangu asubuhi na kumwaga maji mara mbili. Kisamvu kikaja hakina chumvi. Kunde vivyo hivyo.

"Mama, leo umesahau chumvi," nilimwambia.

"Nimesahau," alijibu, wala hakuinuka kuileta.

Siku ya tatu niliinuka mwenyewe. Alinitazama nikinyunyiza, akaendelea kula.

Jumamosi moja asubuhi nilikwenda sokoni kumsaidia kupanga magunia ya choroko na mbaazi. Jua lilikuwa halijawa kali. Nilikuwa nafunga mdomo wa gunia kwa kamba, nikaona mkono wangu wa kushoto haufungi. Vidole vilikuwepo, kamba ilikuwepo, lakini mkono ulikuwa kama wa mtu mwingine aliyelala. Niliucheka. Nadhani nilicheka, kwa sababu mke wangu aligeuka akaniangalia usoni, na uso wake ukabadilika.

"Mwalimu, cheka tena."

Nikajaribu.

"Niite jina langu."

Jina lake nimeliita kwa miaka ishirini na mbili. Nilifungua kinywa, kikatoka kitu kama sauti ya mtu anayeongea na pamba mdomoni. Sikuogopa mkono, niliogopa sauti ile.

Jirani yake wa kibandani, mama wa Mikindani anayeuza samaki wakavu, alisogea na kikombe cha maji. "Mnyweshe kwanza apumzike, labda jua."

"Hanywi kitu, dada, atapaliwa," mke wangu alisema. "Niitie bajaji. Sasa hivi."

Hakufunga kibanda. Alimwachia jirani yule kila kitu, akanishika kiuno, tukaondoka. Ndani ya bajaji aliniegemeza begani kwake na kutazama saa ya simu. Baadaye niliambiwa kwamba ile saa aliyoishika kichwani, saa mkono ulipokataa, ndiyo ya kwanza waliyomuuliza hospitalini.

Swali la pili lilikuwa kama natumia dawa yoyote. Liliulizwa na daktari kijana, mwanamke, akiwa tayari ananimulika machoni. Nilitaka kujibu, ulimi ukawa mzito. Mke wangu akajibu.

"Alipewa za presha. Alikuwa anameza, akaacha kama mwezi na nusu uliopita. Sasa anakunywa unga wa magamba, upo kwenye mkoba wake wa shule."

Akataja na jina la vidonge, herufi kwa herufi.

Nililala pale kwenye kitanda cha magurudumu nikimtazama. Mkono ulianza kurudi kabla ya adhuhuri, kidole kimoja kimoja, na maneno yakafuata. Daktari alisema mshipa wa ubongo uliziba kidogo ukazibuka wenyewe, na kwamba mara nyingine hauzibuki. Walinilaza siku tatu. Jioni ya siku ya kwanza, nilipoweza kuongea sawasawa, nilimuuliza mke wangu alijuaje.

"Kadi yako niliikuta kwenye suruali nilipokuwa nafua," alisema. "Wiki ile ile. Tangu hapo nikawa naisoma kila mwezi, mpaka nikaona tarehe za kuchukua dawa zimekoma. Mkoba naupanga mimi kila Jumapili, hata unga nikauona."

"Mbona hukuniambia?"

"Mbona wewe hukuniambia?"

Muuguzi alipita na toroli ya dawa, akapima wa kitanda cha jirani, akaondoka.

"Nilikuwa nangoja uniambie mwenyewe," alisema. "Kila jioni nasema labda leo. Nikasema basi, nitamtoa kwenye chumvi polepole, hatajua. Nilipoona unakunywa unga nilitaka kusema, nikaogopa. Kwa baba pia tulinyamaza, kila mtu akisema mwenzake atasema." Alijifuta macho kwa ncha ya kitenge. "Nisamehe."

Mimi ndiye niliyetakiwa kuomba msamaha, na hata nilipoomba nilihisi nimechelewa, yeye ametangulia.

Siku ya kuruhusiwa, daktari yule alikaa kwenye ukingo wa kitanda na kuzungumza nasi wote wawili. Alisema kidonge cha presha hakiponyi, kinashikilia. Ukikiacha, nacho kinakuacha. Kikinisumbua nirudi nimwambie abadilishe, nisijibadilishie. Na kila dawa ninayotumia, ya duka, ya porini, ya jirani, niitie kwenye mfuko mmoja na kuja nayo kliniki, hata kama naona aibu. Kisha akaulizia usingizi wangu. Mke wangu akasema nakoroma, kisha nanyamaza kama nimekata pumzi, kisha nashtuka. Daktari aliandika, akasema hiyo nayo hupandisha presha; mimi hata kukoroma sikujua. Mtu hajisikii akikoroma.

Tangu hapo madaftari nayasahihisha shuleni, na yasiyokwisha yanalala huko. Kidonge nakimeza nyumbani baada ya kupiga mswaki, mke wangu akiniona. Ng'onda hatujawaacha, maana pwani hii huwezi kumwambia mtu aache samaki wakavu akakuelewa. Tunawaloweka usiku kucha, tunakula mara moja kwa wiki, na siku nyingine samaki mbichi wa ndimu na nyanya. Ukwaju ulinisaidia kusahau chumvi. Ilinichukua muda kuzoea. Wiki ya pili nilipita kwa muuza korosho, nikala pakiti nzima ya zile za chumvi nikiwa nimesimama nyuma ya ukuta wa shule, mtu mzima na mvi zangu. Jioni nilimwambia mke wangu. Alinigombeza vizuri sana, nikafurahi kugombezwa.

Mwalimu wa Historia nilimkuta ofisini, nikamweleza yote, hata sauti ile ya pamba. Hakubishana. Alisema atakwenda kupima. Sijui kama amekwenda. Nimemuuliza mara mbili, nitamuuliza tena.

Siku moja ya kliniki mke wangu alinisindikiza. Muuguzi alipomaliza kunipima na kuandika, alimtazama.

"Na mama akae."

"Mimi sina kitu," alisema.

"Ndiyo maana nakupima."

Yake ilikuwa juu kuliko yangu. Alipimwa tena baada ya kupumzika, ikabaki pale pale. Alicheka kwanza, akasema mashine imechoka, halafu akatazama mikono yake. Miezi yote ile alipokuwa akinihesabia vidonge na kunilowekea samaki, hakuna aliyekumbuka kumpima yeye. Mimi sikukumbuka.

Tulitoka na kadi mbili. Tukiwa njiani kuelekea Chikongola, kwa miguu kwa sababu kulikuwa na kiwingu, alinishika mkono.

"Mtoto tusimwambie," alisema. Binti yetu anafanya kazi Dodoma. "Atahangaika bure."

Nilitoa simu nikampa. Aliishika muda mrefu, tukapita maduka mawili matatu. Kisha akaniambia nipige mimi, yeye ataongea. Binti yetu alipokea, akamsikiliza mama yake hadi mwisho. Halafu akauliza kama tumekula, tumekula nini, na, aliposikia honi za barabarani, kwa nini tunatembea kwa miguu.