Watu wa Chini

Nilipochaguliwa diwani mjini Kisii, serikali kuu ilitupatia pesa za kujenga nyumba, tukaambiwa tupange zitakwenda kwa nani. Agizo lilisema ni za watu wa mapato ya chini. Mimi niliishia darasa la tatu, lakini nilikuwa na maduka mawili na lori, nani angenifundisha Kiswahili? Nikasimama nikawaambia wenzangu kwamba watu wa chini ni wale wanaokaa bondeni, karibu na mto. Wakapiga makofi, tukapanga hivyo, hata matajiri wenye ng'ombe wa gredi, wale wa maziwa mengi, tukawaandika.

Afisa akaja kutoka Nairobi kusikiliza wananchi kwenye baraza, nami nikamtafsiria Kigusii. Mjane mmoja muuza ndizi, aliyekodi chumba kinachovuja huku kilimani, akasimama akaniuliza kwa Kigusii.

"Omogaka, mzee wetu, mbona mimi mmeniacha?"

"Mama, wewe unakaa juu. Nyumba hizi ni za chini."

"Kwa hivyo nihamie mtoni ndipo niwe maskini?"

Watu wakacheka. Afisa akauliza wanacheka nini, nikamwambia. Yeye hakucheka. Alinieleza polepole, kama anayefundisha mtoto, kwamba kilicho chini ni mapato, si mahali.

"Mpango urudiwe, na mama huyu aandikwe. Sasa waelezee watu wako, Bwana Diwani."

Nikaeleza kwa Kigusii, mbele ya wateja wangu wote na mke wangu. Mjane alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniomba niseme tena kwa sauti, kwa sababu waliokaa nyuma hawakusikia vizuri. Nikasema tena.