Mtunza Ukumbi wa Ukimya

Siku ya kwanza kazini nilipewa ufagio, kengele ya shaba na amri moja: nisiongee. Nilikuwa nimetokea kijijini Baray, nikafanya usafi katika loji mbili za Karatu, ambako tulifundishwa kumsemesha mgeni kabla hajashuka garini. Hapa, kwenye nyumba ya tafakuri iliyo juu ya barabara ya Ngorongoro, wageni walikaa siku saba bila kusema neno.

Mwalimu alikuwa mtawa wa Kibudha kutoka Sri Lanka, mwanamke mfupi aliyejifunza Kiswahili Dodoma. Alisema mtunza ukumbi asiyejua kuketi atawaona wageni kama magunia, kwa hiyo akanifundisha. Unaketi juu ya mto mgumu, miguu umeikunja, mgongo wima, kisha unapitisha akili mwilini polepole, kuanzia utosini hadi vidoleni. Huombi kitu wala hufukuzi kitu. Unatambua tu kilichopo.

"Unasikia nini, Mama Paulina?" aliniuliza.

"Sisikii kitu, Mwalimu."

"Na goti?"

"Goti linauma tangu mwaka juzi."

"Basi unasikia. Anzia hapo."

Ilinichukua miezi kujua kwamba maumivu ya goti si kitu kimoja. Kuna joto, kuna kuvuta, kuna kudunda, na kila kimoja huja na kuondoka. Nilijua pia kwamba ukiketi kimya asubuhi ya baridi vidole hupoa kwanza, na jasho halitoki.

Ndiyo maana asubuhi moja ya Julai nilishtuka. Ukungu ulikuwa umefika madirishani, wageni wote wamejifunika mablanketi, lakini mzee mmoja wa safu ya mbele kola yake ilikuwa imelowa jasho. Ilikuwa marufuku kumgusa mgeni au kumsemesha kabla ya kengele ya kumaliza kikao, na Meneja wa nyumba alishamfukuza mwenzangu kwa kunong'ona tu. Nilisikia moyo ukienda mbio. Nikatambua kwamba ile ni hofu ya kupoteza kazi, nikanyanyuka nayo.

"Mzee, unanisikia?" Nilimshika bega. Aliniangukia mikononi.

Tulimkimbiza hospitali. Daktari alisema sukari ilikuwa imeshuka sana. Tungesubiri kengele, tungemkosa.

Meneja aliniita ofisini. "Umevunja ukimya mbele ya wageni wote."

"Ndiyo, Meneja."

Mwalimu alikuwa amesimama mlangoni. "Mimi nilikuwa hatua mbili kutoka kwake, nimefumba macho," alisema. "Kama ni barua ya onyo, tuandikie wote wawili."

Barua haikuandikwa. Tangu juma lililofuata wageni waliulizwa maradhi yao kabla ya kuingia.

Nilistaafu goti lilipokataa ngazi. Watu huniuliza kama nilibadili dini. Jumapili bado naimba kwaya kanisani. Mume wangu alipofariki, majirani waliniambia nijikaze. Walipoondoka niliketi kitandani, nikaupitia mwili. Huzuni ilikuwa chini ya mbavu, upande wa kushoto, nzito kama debe la maji. Sikuifukuza. Niliketi nayo mpaka jirani mmoja aliporudi kuuliza kama nimekula. Nikamjibu kweli: bado, na nasikia njaa.