Mguu wa Msusi

Pale saluni wateja walimwita Redio, na jina likamkaa. Msusi huyu alikuwa na habari za kila mtu: nani kaposwa, nani kaachwa, nani anajifanya kaachwa ili aonewe huruma. Ukikaa kwenye kiti chake, unaondoka nywele zimesukwa na mbavu huna.

Habari moja tu hakuwahi kuitangaza: mguu wake wa kushoto. Tangu alipopasuliwa saratani ya kizazi, maji ya mwili yalikosa njia ya kupanda juu, mguu ukawa unafura. Daktari hakumung'unya maneno. Huu ni ugonjwa wa maisha, alisema, hauponi, unatunzwa, na matunzo yenyewe ni soksi nzito za kubana, zivaliwe kutwa, zikilegea zibadilishwe. Bima ikajibu kwamba soksi ni nguo, na bima hainunulii watu nguo. Jamani! Nguo gani hiyo ambayo hakuna aliyewahi kutoka nayo harusini? Basi Redio akabaki na jozi ileile iliyolegea, juu yake gauni refu, anasimama kutwa na kucheka na watu, anakufa na tai shingoni. Aliogopa wateja wakijua watasema huyu kaisha, wahamie saluni ya jirani, na mikono yake ya kusuka ndiyo iliyokuwa ikimlisha yeye na binti yake.

Siku moja akaja mbunge, mteja wake wa siku nyingi, anataka misuko ya safari. Redio alikuwa kashafika nusu ya kichwa mheshimiwa aliposema, kwa mazoea tu, kwamba kesho kamati yake inakaa kujadili muswada wa bima.

"Eti kuna mpaka kifungu cha soksi, dada! Nimeona bora niwahi safari yangu."

Mikono ya Redio ikasimama.

"Mheshimiwa, usisafiri."

"He! Na wewe umeingia siasa?"

"Si siasa. Ni mguu wangu."

Akapiga moyo konde, akavuta pazia, akapandisha gauni na kuteremsha soksi. Mbunge akageuka, upande mmoja wa kichwa umesukwa, upande mwingine nywele timtim. Alianza kucheka, maana kwa utani Redio hajambo. Kisha akaona.

"Bonyeza," Redio akamwambia.

Mheshimiwa akabonyeza kwa kidole gumba. Alipokiondoa, shimo likabaki palepale.

"Unauma?"

"Jioni ndiyo unanitoa machozi. Ngozi ikichanika naingiwa na homa, nalazwa. Kulazwa bima inalipa, mama. Soksi ya kunizuia nisilazwe ndiyo haitaki. Nenda ukawaambie. Nakuomba kama ndugu yangu."

Mbunge akarudi kukaa, akasukwa mpaka mwisho.

Kesho yake televisheni ya saluni ilikuwa ikionyesha kikao. Kifungu cha soksi kilipotajwa, wajumbe wakaangua kicheko. Mheshimiwa akasimama na misuko yake mipya.

"Chekeni tu," akasema. "Mimi jana nimebonyeza mguu wa msusi wangu, kidole changu kikaacha shimo. Halafu tunamwambia hiyo ni nguo?"

Kicheko kikakatika kule. Huku saluni, kila jicho likamgeukia Redio, maana msusi wa mheshimiwa alijulikana. Redio mwenyewe ndiye aliyejigamba hivyo mtaa mzima. Lo, alitamani ardhi ipasuke. Kifungu kikapita kwenye kamati, sasa kinasubiri bunge zima, lakini yeye hata hakusikia kura zikihesabiwa.

Aliyekuwa kitini ni fundi cherehani mmoja mwenye ulimi mkali. Akainuka, nywele nusu. Redio akajua ndiyo anahama huyo, na wengine watamfuata.

"Mwanamke wewe," fundi akafoka, "miaka yote hii unasimama na mguu huo, na sisi tumekaa tunacheka?"

Akachukua mkeka uliokuwa ukutani, akautandika, akaketi sakafuni kumpa mgongo.

"Kaa hapo kitini. Kuanzia leo mimi nasukiwa chini."

Mwingine akasogeza stuli, akauinua ule mguu kwa mikono yake miwili na kuulaza juu yake. Redio akakaa. Alilia waziwazi mbele yao wote, huku vidole vikiendelea kusuka.